Kuni za Msiba wa Baba Gunnar

Juzi kwenye lifti ya jengo letu hapa Vällingby aliingia jirani wa ghorofa ya juu, kijana mpole, amekumbatia gunia la wavu lenye kuni. Siku hizi kuni zinauzwa kituo cha mafuta, pamoja na soseji na maji ya kuoshea vioo vya gari. Alinieleza anakozipeleka, lakini sikumsikia vizuri, maana harufu ilikuwa imeshanichukua mbali. Zilikuwa kuni za björk, ule mti wa gome jeupe linalochanika kama karatasi. Ukiupasua hunukia utamu, kama maziwa yaliyochemshiwa majani, na nyuma ya utamu kuna uchungu kidogo. Lifti ikafika kwangu, mlango ukafunguka, ukafungika, nikapanda naye hadi juu. Kijana wa watu akadhani bibi kapotea. Kweli nilikuwa nimepotea.

Mnivumilie. Shule nilisoma kidogo, na nikianza jambo huwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini hatimaye hutaga.

Baba Gunnar hakuwa baba aliyenizaa. Alikuwa fundi wa matrekta, Mswidi, alikuja kwetu Njombe kufundisha vijana ufundi, akamkuta mama na mimi mgongoni. Nilipokuwa na miaka kama tisa akatuleta kwao, kwenye nyumba ya mbao nje ya Upplands Väsby, enzi hizo bado mashamba matupu na msitu. Mama alikuwa akijisifu njia nzima kwamba baridi anaijua, Njombe si mchezo. Tulishuka kwenye ndege mwezi wa pili. Sikumsikia tena akiitaja baridi ya Njombe.

Nyumba ile haikuwa na joto lingine ila jiko la chuma la jikoni na tanuru moja sebuleni. Kwa hiyo maisha yetu yote yalikuwa kuni. Theluji ikianza kulainika tuliingia msituni na trekta la kijivu, kiti chake cha chuma kimetandikwa gunia, nyuma tela. Baba Gunnar aliweka gia ndogo kuliko zote, trekta likatambaa kama kobe, mimi nikashika usukani, yeye akitembea pembeni anaokota magogo na kuyatupa kwenye tela. Du, du, du. Nilikuwa msaidizi wake wa pekee, na kofia yake iliniangukia machoni. Miguu yangu haikufika kwenye klachi wala breki, kwa hiyo alinionyesha kitufe cha kuvuta karibu na usukani.

"Binti, ukiona jambo baya, vuta hiki," alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka. "Trekta hufa hapo hapo."

Sasa kuna desturi ya kuni za huku ambayo mama hakuikubali kamwe moyoni. Kuni unazokata mwaka huu si za baridi ya mwaka huu. Unazikata, unazipasua, unazipanga nje zipigwe na upepo kiangazi kizima na zaidi, na utazichoma baridi ya mwaka unaofuata. Za baridi hii zilikatwa zamani, zimekauka, zimo bandani. Mama alicheka. Kwao kuni za asubuhi hupika ugali wa mchana. Baba Gunnar alimjibu kwamba kuni mbichi hupasha joto bomba la moshi tu, na watu wanabaki wanaangaliana.

Vuli ilipoanza, majani yakigeuka manjano, tulikuwa tunasomba magogo ya mwisho kutoka ukingo wa msitu. Nilikuwa nimeshika usukani nafikiria mambo yangu, nadhani paka. Kisha nikagundua kwamba sisikii tena magogo yakianguka kwenye tela. Hakuna du. Ni ule ukimya ndio ulionigeuza shingo. Baba Gunnar alikuwa nyuma kule, ameinama juu ya gogo kama anayetaka kulinyanyua, ila hakunyanyuka. Trekta liliendelea kutambaa nami. Nikavuta kitufe.

Moyo, walisema baadaye. Watu wa hospitali walikuja na gari, wakamchukua.

Lile gari lilipopinda tu, mama aliingia jikoni, akachota makaa kwa koleo, akayamwaga katikati ya uwanja, akawasha moto mkubwa. Ndugu zangu wa Njombe mnajua. Mtu akifa moto huwashwa uwanjani, wanaume hukaa kuuzunguka, na hauzimwi mpaka marehemu aingie ardhini. Kila ajaye msibani huja na mzigo wake wa kuni kichwani, na kwa kuwa mtu huzikwa kesho au keshokutwa, mfiwa hagusi kuni zake. Mama alitoa viti vyote vya jikoni, akavipanga kuzunguka moto, akajifunga kanga juu ya koti, akakaa kungoja watu.

Huku watu hawaji. Huku ukifiwa wanakuachia nafasi, ndiyo heshima yao. Magari yalipunguza mwendo barabarani, kisha yakaongeza. Mwanamke mmoja aliacha keki kwenye nguzo ya geti, imefungwa vizuri, akaondoka kabla hatujamfikia. Walikuja hata watu wa zimamoto, wameitwa na mtu aliyeona moshi. Walipoona ni moto wa uwanjani tu wakaridhika, wakanywa kahawa yetu wamesimama.

Na tena huku maiti hazikwi kesho. Anawekwa chumba cha baridi, ofisi ya mazishi inatafuta siku, kanisa linatafuta siku, yanapita majuma. Mama alipoambiwa tarehe aliniuliza kama nimetafsiri sawasawa. Nikasema ndiyo. Akaangalia banda la kuni, akaangalia moto, akaenda bandani akaleta mzigo mwingine.

Kuni zikawa zinakwenda. Zilikuwa zile kavu, za baridi inayokuja, maana hizo ndizo zinazoshika moto kwenye mvua. Nilikuwa mtoto lakini nilijua kuhesabu baridi. Nilimwona mama anachoma Desemba. Juma lililofuata akachoma Januari. Viti vya jikoni vililowa mvua vikavimba, vimezunguka moto bila mtu, mithili ya mkutano uliosahauliwa.

Kaka yake Baba Gunnar, jina lake Åke, mtu mrefu mwenye ng'ombe, alikuja akasimama nje ya viti. Kiswidi cha mama kilikuwa kidogo, Kiswahili cha Åke hakikuwepo, kwa hiyo maneno yote yalipita kinywani mwangu.

"Mwambie mama yako auzime," alisema. "Mwambie Januari haiulizi nani amefiwa."

Nikamwambia. Mama hakuinua macho.

"Mwambie shemeji yangu akae."

Nikamwambia. Åke akatazama kiti kilicholowa, akasema ana ng'ombe wa kukamua. Akaondoka. Alikuja tena mara kadhaa, kila mara maneno yale yale, na mama jibu lile lile. Mimi niliyabeba kwenda na kurudi mpaka nikayachukia yote mawili. Nilitaka auzime. Kuni zile nilikuwa nimezipanga mimi bandani kiangazi kile, magome juu, kama nilivyofundishwa, na mikono yangu ilikuwa na vibanzi ndani ya ngozi bado.

Asubuhi ya mazishi banda lilikuwa tupu. Sakafuni kulibaki maganda, na panya mmoja aliyeshangaa. Åke akaja mapema, koti jeusi, viatu vimepakwa rangi. Alichungulia bandani. Nilijiandaa kutafsiri matusi. Badala yake akavuka duara la viti, akavua kofia, akakaa. Suruali ililowa, akabaki amekaa. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba Gunnar alipokuwa mdogo alilala zizini majira mazima ya baridi akimlinda ndama mgonjwa, na baba yao akampiga kwa hilo, na ndama akafa vilevile. Nikatafsiri. Kisha akalia, kwa sauti, kama mtu asiyejua namna ya kulia. Na mama, ambaye tangu siku ile ya kwanza hakuwa ametoa chozi, akafungua kinywa akaomboleza ile ya kwetu, ndefu, ya kupanda mlima. Ng'ombe wa upande wa pili wakanyanyua vichwa.

Tukaenda tukamzika. Tuliporudi mama aliumwagia moto maji mwenyewe.

Baridi ile sitaieleza sana. Tulichoma kuni mbichi, zile nilizookota na Baba Gunnar mwaka ule ule. Zilipiga miluzi, zikatoa povu nchani, moshi ukajaa nyumba, macho yakavimba, na joto halikufika hata mezani. Tulilala wote jikoni na nguo zote. Mabomba ya maji yaliganda, yakapasuka. Åke alituletea kuni kidogo, naye hakuwa nazo nyingi. Mwezi wa pili tukafunga mlango, tukahamia chumba kimoja huku mjini, mama akaanza kusafisha ngazi za watu. Nyumba ikauzwa. Nami shule ikanipita hivyo hivyo, nusu nikisoma, nusu nikibeba ndoo.

Miaka mingi nilimwona mama kuwa alituchomea nyumba bila kuigusa. Sikusema, lakini niliamini. Nilikuja kumuuliza akiwa mzee, amelala kitandani, miguu imevimba. Nikasema, mama, banda zima la kuni, baridi ile, nyumba ikaenda. Kwa ajili ya nini?

Aliniangalia kama vile nimeuliza maji yanalowesha kwa nini.

"Si alikaa," alisema.

Basi. Akageukia ukutani.

Nilihitaji uzee wangu mwenyewe ili nilielewe jibu lile. Baba Gunnar alikuwa amejiwekea kuni za joto la baadaye, na mama akazitumia zote kumnunulia mtu mmoja, yule Åke, wa kuketi naye kabla hajaingia ardhini. Bado sijui kama nilimsamehe ile baridi. Nafikiri zote mbili zinaweza kukaa pamoja kifuani, kuelewa na kuganda.

Mjukuu wangu aliposikia habari hii alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba bibi asiwe na wasiwasi, lakini kwenye roshani za jengo letu moto hauruhusiwi. Nikacheka. Nikamwambia siku yangu ikifika, moto sitaki. Nimezoea radieta, na huku nitangojea majuma yangu kwenye chumba cha baridi kama kila mtu. Atoe tu kiti kimoja cha jikoni. Mtu akija amesimama na kahawa yake, amwambie akae.