Kahawa za Shangazi na Bastola ya Mfukoni

Mtoto wa baba yangu mkubwa alipata bastola mwaka uleule alioacha kutembea kwa miguu. Ni bastola ndogo, inayoenea kiganjani, na aliibeba kwenye mfuko wa kulia wa suruali, ndani ya kifuko cha ngozi kilichotengenezwa kwa kipimo chake. Kibali alikuwa nacho, sikatai. Sababu ndiyo hakuwa nayo. Ananunua kahawa kwa wakulima wa Kanazi, watu ambao silaha yao kubwa ni kunung'unika, na analala Bakoba, mtaa wa mjini, kwenye nyumba yenye geti na mbwa wawili.

Nilifanya kazi ya habari redioni kwa miaka mingi, na tabia ya kuangalia mikono ya watu haijanitoka. Mikono yake ilisema yote. Hakuweza kumaliza bakuli la supu bila kupapasa paja. Bastola ya mfukoni hubebwa ili isionekane. Yeye alihakikisha hata muuza vocha anajua ilipo. Ukimuuliza, ulipata somo. Silaha haiachwi kwenye gari, hata dakika moja. Ikiibiwa, kibali kimekwenda na wewe unakwenda ndani. Mfuko wenye bastola hauwekwi kitu kingine chochote, si funguo, si sarafu, si leso. Somo hilo nililisikia mara nne, kwa maneno yaleyale. Nadhani nililishika kuliko mwalimu wake.

Baba yake alipofariki aliacha kibanja huko Muleba, migomba na mibuni, na ndani yake shangazi yetu. Alikuwa amerudi hapo baada ya ndoa kumshinda, akamuuguza kaka yake mpaka mwisho. Marehemu aliwaambia wazee kwa kinywa chake kwamba dada yake asiondolewe. Lakini hakuandika, na mwanawe alikuwa ameshapata mnunuzi. Kikao cha ukoo kikaitishwa Jumamosi asubuhi, kuamua kama shangazi abaki au aondoke. Akiondoka, hakuwa na pa kwenda.

Niliteuliwa katibu. Siku mbili kabla, niliwapitia wazee wale walioyasikia maneno ya marehemu. Wote walikuwa wameyasahau. Mmoja aliniambia bila kunitazama usoni kwamba kijana anatembea na kitu mfukoni, na yeye ana wajukuu. Niliwadharau. Kisha nikakumbuka kwamba hata mimi, nilipokuwa Bakoba na nafasi ya kumwambia ukweli, nilimsikiliza akinisomesha juu ya vifuko vya ngozi.

Siku ya kikao wanaume walifika wakitokea shambani, na kila mmoja aliegemeza mundu wake kwenye ukuta wa nje kabla ya kuingia. Hakuna aliyewakumbusha. Mundu wa kupogolea migomba hauingii kwenye nyumba ya watu wanaozungumza. Mtoto wa miaka sita kwetu anajua. Ndugu yangu alifika mwisho, akaegesha gari karibu ya mlango, akapita mbele ya ile miundu na mfuko wake umetuna.

Shangazi alipitisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile tunazoita akamwani. Wengine tulichukua mbili tatu kwa adabu. Yeye alijaza mkono. Simu zake mbili zilikuwa mfuko wa kushoto, basi kahawa zikaenda kulia. Kalamu yangu ilisimama. Nilimtazama usoni nione kama amekumbuka somo lake. Hakukumbuka.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, aliuliza nani alisikia kauli ya marehemu. Wazee wakaendelea kutafuna kahawa zao. Ndugu yangu akaegemea kiti na kuanza kueleza jinsi ardhi inavyopaswa kuwa mali ya mtu mmoja mwenye akili ya biashara. Akieleza, akataka kutafuna. Kahawa zilikuwa zimezama chini ya bastola. Akachimba. Akaisogeza juu kidogo, huku bado anaongea, akachimba tena, na kitu kizima kikateleza pamoja na kifuko chake, kikaanguka kwenye mkeka mbele ya miguu ya shangazi. Kahawa nne zikafuata.

Hakuna aliyekimbia. Shangazi aliitazama kama mtu anavyomtazama panya aliyekufa.

"Mwana wa kaka yangu," akasema, "umekuja kunisalimia au kuniwinda?"

Mzee mmoja akacheka, yuleyule mwenye wajukuu. Wengine wakafuata. Kitu walichokiogopa mwezi mzima kilikuwa pale chini, kidogo kuliko mwiko wa maharage, kimezungukwa na kahawa.

Mwenyekiti hakucheka. "Miundu yetu iko nje, baba," alisema. "Na wewe kiweke chako nje, kisha urudi tuzungumze."

Ndugu yangu akajibu kwamba silaha haiachwi kwenye gari.

"Basi kaa nayo hukohuko."

Akatoka. Nafsi yangu ya redio inanidai niseme ukweli: niliandika saa. Kabla hajapata kukaa vizuri nyuma ya usukani, wazee watatu walikuwa wamekumbuka kila neno la marehemu, hata mahali alipokohoa. Niliandika kwamba shangazi anabaki kwenye kibanja maisha yake yote na hakiuzwi. Wakatia saini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Mwenyekiti akanituma nimpelekee mwenye bastola naye asaini. Alisoma mara mbili dirishani, akatazama mlangoni walikosimama wazee kumi na mmoja, akasaini.

Shangazi alinifuata nyuma na kikapu. Mgeni haondoki kwake mikono mitupu, hata mgeni wa namna ile. Alimnyooshea kahawa kwa mikono miwili, naye akazipokea kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa. Akazitia kwenye mfuko wa shati.