Mikono Iliyokoroga Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifuta namba. Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe lililonipwaya, nimepangiwa maabara ya afya ya kazini hapa Morogoro mjini, na kazi niliyopewa ilikuwa kupima uzito wa vichujio vya vumbi kutoka kiwanda cha nguo. Kichujio ni karatasi ndogo ya mviringo ambayo mfanyakazi huibeba karibu na kola ya shati zamu nzima. Pampu iliyofungwa kiunoni huvuta hewa ileile anayoivuta yeye, na vumbi hubaki kwenye karatasi. Nilisoma mizani vibaya, nikachukua raba na kufuta. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilinyanyua daftari langu akalitazama dirishani.

"Binti, hapa palikuwa na nini?"

"Nilikosea, mzee."

"Sikuulizi kama umekosea. Nakuuliza palikuwa na nini."

Sikukumbuka. Akaitia raba yangu mfukoni mwake na sikuiona tena. Sheria yake ilikuwa moja: ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba, namba iendelee kusomeka, kisha andika sababu na utie sahihi. Nilimwona mkorofi tu. Nilikuja kumwelewa miaka mingi baadaye, naye hayupo tena kunisikia nikimshukuru, jambo linaloniuma hadi leo.

Kutoka hapo nilihamishiwa Turiani, nikapima moshi wanaovuta wakata miwa mashamba yanapochomwa. Miaka ile nilirudi nyumbani kila jioni nikiwa mweusi kama sufuria ya bwenini, na mume wangu alinipokea kwa ndoo ya maji kabla ya salamu. Niliporudishwa mjini, nchi ilikuwa imefungua biashara. Zamani dawa ya kuulia wadudu ilipitia chama cha ushirika, nayo ilikuja na lebo na bwana shamba wa kuieleza. Sasa kila mwenye meza sokoni aliiuza, tena kwa kuigawa kwenye chupa za soda zisizo na jina lolote. Milimani Uluguru, wanakolima kabichi na nyanya zinazoliwa mpaka Dar es Salaam, watu wakaanza kulalamika kuumwa kichwa na kuona ukungu hata siku zisizo na ukungu.

Ndipo tukapandishwa kijiji kimoja cha juu, mimi na daktari aliyekuwa Mratibu wa utafiti, pamoja na kisanduku cha kupimia kolinesterasi. Neno linatisha lakini jambo lenyewe ni rahisi. Ni kitu kilichomo kwenye damu na mishipa ya fahamu, kazi yake ni kuutuliza msuli baada ya kutumwa. Dawa zile za wadudu hukidhoofisha, na hapo mtu hutetemeka, hutokwa jasho, na kifua hubana. Kipimo chake ni tone la damu ya kidoleni ndani ya maji yenye rangi. Damu yenye afya huyageuza maji kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa. Damu iliyodhoofishwa huyaacha na kijani chake. Unasubiri, unalinganisha na vioo vya rangi, unaandika namba.

Ili ujue dawa imemfanya mtu nini, unahitaji pia watu wasioigusa. Mratibu alichagua wanawake. Fomu iliuliza, "Je, wewe hupiga dawa shambani?" na wote walijibu hapana, kwa sababu kweli bomba la mgongoni lilibebwa na wanaume.

Mmoja wao aliitwa Mama Asha. Alikuwa na binti mmoja, mimba mbili zilikuwa zimeharibika baada yake, na sasa alikuwa na ya tatu, mwezi wa nne. Alinyoosha kidole bila kukunja uso. Maji yake yakabaki kijani.

Nilijua la kufanya. Dawa ikiwa kwenye ngozi, huingia kwenye tone na kuharibu kipimo, kwa hiyo nikamwosha mikono kwa sabuni na kumpima upya. Kijani tena. Nikaitazama fomu: hapigi dawa. Nikajiambia nimechoka na kile kilima, au maji ya kipimo yamekaa sana juani. Nikapiga mstari juu ya namba yake, nikaandika "kosa la mpimaji", nikatia sahihi. Yeye nikamwambia aende nyumbani, hana neno.

Baada ya wiki tano tulirudi. Mama Asha alikuwa amekonda, vidole vinatetemeka kwenye kiganja changu. Maji yalibaki kijani zaidi kuliko mwanzo, na ya wanawake wengine wawili vilevile.

"Huyu mama hapigi dawa," Mratibu alisema. "Amejibu mwenyewe. Mtoe kwenye orodha, atatuharibia kundi zima."

"Daktari, na kama si kipimo kilichokosea?"

"Basi nieleze dawa imemfikiaje."

Nilimwomba asubuhi moja tu, nikabeba kisanduku, nikapanda na Mama Asha hadi shambani kwake. Njia yote alisimama kila baada ya hatua chache, anashika kiuno, anacheka mwenyewe na kusema mtoto huyu atakuwa mvivu. Tulimkuta mumewe Shabani amekaa kwenye jiwe, bomba tupu ubavuni, anasubiri. Mama Asha akashusha ndoo ya maji, akafungua chupa ya soda, akamimina dawa hadi maji yakawa meupe kama maziwa, akakunja mkono wa gauni. Kisha akazamisha mkono hadi kiwiko, akakoroga.

Kule, ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Shamba lilikuwa la Mama Asha, na mwenye shamba ndiye aliyefungua dawa, akaipima na kuikoroga.

"Kwa nini asikoroge yeye?" nilimuuliza, nikimwonyesha Shabani.

"Huyu?" Mama Asha akamtazama mumewe kwa upendo wa watu waliozoeana. "Huyu atamwaga yote siku moja. Shamba la kwetu, dada. Mkono wangu unajua ikishaiva."

Na dawa mbichi, isiyochanganywa na maji ya kutosha, ndiyo kali kuliko ile inayotoka kwenye bomba. Mwanamke huyu alikuwa anaoga sumu kila wiki, nami nilikuwa nimeandika kwamba haigusi.

Nilimvuta mkono nikauosha palepale kwa sabuni na maji yote ya kunywa niliyobeba. Nikamwomba aache kukoroga. Akakataa kwa upole. Kabichi zina viwavi, na nyumbani hawali maneno yangu. Basi nikajichoma kidole mwenyewe. Nikaweka tone langu kwenye mrija mmoja na lake kwenye mwingine, tukakaa sote watatu kwenye lile jiwe kusubiri. Mrija wangu ukageuka chungwa taratibu. Wake haukugeuka.

Kisha Shabani akainuka, akakata fimbo ndefu, akaenda kwenye ndoo.

"Niambie ikishaiva," akamwambia mkewe. "Utazame kwa mbali."

Nilimweleza Mratibu njia nzima ya kurudi mjini. Kesho yake alichapa fomu mpya. Swali la kwanza lilikuwa, "Nani anakoroga?"

Nilipanda kila mwezi kumpima. Rangi ilirudi polepole, kama mgonjwa anayejifunza kula. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mwenye sauti ya kukera kijiji. Sitawaambia kwamba kipimo ndicho kilichomwokoa. Kipimo hakisemi hivyo, nami sijui.

Mwaka jana, nikiwa nimestaafu, Mama Asha alishuka mjini kwa binti yake anayeishi Kilakala, akapita kwangu na kikapu cha njegere. Tumezeeka wote. Nilimpa chai, kisha nikafanya jambo nililolikwepa miaka yote. Nikalitoa daftari, nikamwonyesha namba yake ya kwanza, yenye mstari juu yake.

"Hii ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Siku ile ya kwanza kipimo kilikuonyesha, mimi nikakukata. Ukakoroga wiki tano zaidi kwa sababu yangu."

Alilisogeza daftari karibu na macho. Alipitisha kidole juu ya mstari wangu, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Lakini bado nasomeka," akasema.

Nikalia. Akanishika mkono kwa mkono uleule, akaniacha nilie, chai ikapoa.