Radi Ilipokuta Kipanya Kimetulia

Mjukuu wangu wa kike alimaliza chuo akakosa kazi. Akabaki na mchezo wa kupigana risasi kwenye kompyuta, na siku hiyo timu moja inayolipa wachezaji ilikuwa imjaribu saa kumi jioni. Kompyuta yake ni ya Linux, ule mfumo wa kuamrisha kwa kuandika, na betri ilishakufa, inaishi kwa stima tu. Kipanya kilikuwa na mbio zake: ukivuta mkono haraka, mshale wa kwenye skrini unaruka kupita pale unapolenga. Tangu asubuhi aliandika amri za kuondoa hizo mbio, mpaka mkono na mshale vikaenda pamoja.

Kisha radi ikalia. Kwangu radi ikilia, kila waya unatokanga ukutani.

“Chomoa!” nikamwambia, mimi nyanya yake.

“Kukhu, ikizima, zile amri zinapotea!”

“Radi inajua amri? Chomoa!”

Alikataa. Nikachomoa mwenyewe.

Mvua ilipokatika, saa kumi ilikuwa imefika. Alipoiwasha, mshale uliruka tena kama panzi. Risasi zake zilipiga ukuta, zikapiga hewa, wale wa timu wakamtoa akiwa bado anatafuta zile amri.

“Angalau uko hai,” nikamwambia.

“Hai ya kufanya nini, Kukhu?”