Maoni ya Kanze juu ya Valdera

Kwenye yadi ya magari ya Bwana Jamaludin, huko Changamwe, madereva ni saba, na sita kati yao ni wanaume. Wa saba ni Kanze Tsofa wa Mtongwe, na ukitaka ugomvi naye mwambie kwamba gari ni kazi ya kiume. Wapo waliomwambia. Mmoja wao alikuwa mumewe, na leo ni mume wa mtu mwingine.

Babake alikuwa akiendesha lori la kokoto, na binti akiwa na miaka kumi na sita tayari alikuwa akilirudisha lori hilo kinyumenyume hadi mlangoni bila kugusa ua wa jirani. Shule ilimtoka mkononi, usukani haukumtoka. Miaka kumi na mmoja sasa amekuwa akiyapokea magari ya Bwana Jamaludin yakishushwa melini, akayaleta yadini, na yakinunuliwa akampelekea mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Katika muda wote huo hajarudisha gari lenye alama hata moja. Wenzake sita hawawezi kusema hivyo, na msidhani hawamwonei gere.

Basi mwaka huu likaingia gari lililoitwa Valdera, kutoka Ulaya. Ni lile gari la juu la watu wenye nafasi, ila hili wamelitia injini ya mashindano na kulishusha makusudi ili lishike barabara likienda mbio. Rangi yake damu ya mzee, taa zake zimekunja uso. Bwana Jamaludin, ambaye babu yake aliuza baiskeli na babake akauza pikipiki, alipata uwakala wake kwa Pwani nzima, na furaha ikawa haimwachi hata akae kitini. La kwanza likapata mteja kabla halijatua: mwenye hoteli mmoja wa Diani, ng'ambo ya feri ya Likoni.

Kampuni ikamleta Cheryl kutoka Nairobi kulitangaza. Binti mwerevu, mchangamfu, mwenye haraka ya watu wa huko. Alikuwa na wazo moja, nalo si baya: kabla matajiri hawajaambiwa chochote, waulizwe madereva. Kila dereva aliendeshe gari mpaka Miritini na kurudi, aseme maoni yake mbele ya kamera, kisha ayaandike kwenye karatasi na kutia sahihi. Wakapikiwa pilau, wakapewa na kofia.

Sasa, mtu uliyemlisha pilau ukamtilia na kamera usoni atakwambia nini? Mussab wa Mjambere alishuka garini akashika kifua. "Wallahi gari hili laenda kama limetukaniwa mamake!" Gedion, kijana wa bara aliyehamia Mtopanga juzijuzi, akasema, "Hii gari ni moto, haina mambo mingi." Wote wakasema safi, safi kabisa. Kisha wakazunguka nyuma ya ukuta na sahani zao, na huko maoni yakawa mengine. Mussab alisema kiti kimembana makalio kama kinamdai. Gedion alisema matairi ni membamba kama chapati, na matuta ya Kisauni yatayamaliza kabla ya mwezi kwisha. Wakacheka mpaka wali ukawapalia.

"Na mbona hamkuyasema kule?" Kanze aliuliza.

"Mathe, kwani tunanunua sisi?" Gedion alijibu.

Zamu ya Kanze ilipofika, hakupanda kwanza. Alichutama mbele ya gari akatia mkono chini ya mdomo wake, akapima. Shubiri haikutimia. Akaenda akapima na uvunguni, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, akaguna. Ndipo akapanda. Asiseme mtu kwamba hakulipenda: alirudi kutoka Miritini macho yanang'aa, na breki alizisifu mwenyewe bila kuulizwa. Lakini kwenye karatasi aliandika hivi, kwa herufi zake za darasa la saba: *Gari zuri, lina nguvu, breki zashika. Likoni lisivushwe kwa maji ya kupwa, hasa siku za bamvua.*

Mtu wa Pwani haelezwi hayo. Maji kupwa ni bahari kutoka, na kujaa ni kurudi. Mtoto wa Likoni ayajua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mno. Feri hushuka pamoja nayo, na mteremko wa gatini huwa mkali. Gari la kawaida litashuka huo mteremko na kupanda ferini salama. Gari lenye mdomo mrefu na uvungu mdogo litalima zege.

Alhamisi Kanze aliitwa ofisini kutia sahihi. Karatasi zilikuwa zimepigwa chapa vizuri, na yake ilikuwa juu kabisa. Akasoma: *Dereva mmoja anashauri kwamba Likoni gari lisivushwe maji yakiwa makubwa.*

Akasoma tena. "Haya si yangu."

"Ni yako, Madam Kanze," Cheryl alisema, anatabasamu. "Nilikurekebishia tu herufi. Uliandika 'kupwa'. Nikajua ulimaanisha 'kubwa'."

"Nilimaanisha kupwa."

"Si ni kitu moja? Na tumekusikiliza, usijali. Tumeuliza watu wa huko maji huwa kidogo saa ngapi, tukaambiwa Jumamosi saa nne na nusu asubuhi itakuwa chini kabisa. Ndio tutavuka hiyo saa."

Kanze alimtazama yule binti, akaona kweli hana ubaya. Alikuwa amefanya bidii, tena bidii kubwa, ya kulipeleka gari mahali palepale alipoambiwa lisipelekwe.

"Mwanangu, umenipindua miguu juu. Gari haliogelei, gari lapanda feri. Maji yakishuka, feri yashuka nayo."

"Lakini maji ikiwa kidogo, si ndio rahisi?"

Kanze akamgeukia Bwana Jamaludin, aliyekuwa amekaa pembeni akiichezea kalamu. "Bwana Jamaludin, wewe ni mtu wa Mvita, baba na babu. Mwambie kupwa ni nini."

Bwana Jamaludin akakohoa. Alijua. Mtu ambaye nyumba ya kwao madirisha yatazama mlango wa bandari atakosa kujua? "Kanze," alisema taratibu, "mambo yamekwisha kupangwa. Mpiga picha amelipwa, na mwenye hoteli yuangoja ng'ambo. Tia sahihi yaishe. Ni neno moja tu."

Hapo ndipo Kanze alipopandwa na hasira, hasira ya kweli. Kumsamehe Cheryl, alimsamehe papo hapo. Mgeni ni mgeni, na Kiswahili chake amekijua ukubwani. Lakini huyu! Huyu ambaye kila siku awacheka wabara kwa "maji kubwa" na "hii gari", leo neno la kwao lafutwa mbele ya macho yake, naye asema ni moja tu!

"Sitii," alisema. "Na gari lipitie Dongo Kundu. Njia mkeka mtupu, hakuna bahari, hakuna feri."

"Feri ndio picha ya Mombasa," Cheryl alisema. "Dongo Kundu ni barabara tu."

"Kanze, sikiza," Bwana Jamaludin akasema, na sauti sasa ilikuwa ya mwajiri. "Jumamosi utaliendesha gari hili mpaka ndani ya feri. Usipotaka, utanipa ufunguo, na kazi nayo uiache hapo hapo."

"Nitalifikisha gatini," Kanze alisema. "Hapo tutayatazama maji mimi na wewe." Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Jioni ile wenzake walimzunguka. Mussab alimsihi. "Dada yangu, tia sahihi. Ukifutwa, wapi utapata yadi ya kuajiri mwanamke? Nani atakupa gari la watu umpelekee?" Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa ni kweli. Alikuwa na miaka arubaini na sita, na yadi nyingine zote za Changamwe alikwisha kuzibishia hodi siku za ujana wake. Alijua milango inavyofungwa. Usiku ule alilala vibaya, akaamka na uamuzi uleule.

Jumamosi alilipiga pasi shati lake jeupe mara mbili, akalivaa. Saa nne na nusu Valdera liliteremka polepole kuelekea kivukoni, upande wa kisiwani, likasimama juu ya mteremko. Nyuma yake ilikuwa pikapu ya yadi, ndani Mussab na Gedion na kofia zao za kampuni. Bwana Jamaludin na Cheryl walikuwa wamekwisha fika na mpiga picha. Mwezi ulikuwa na siku tatu tangu uandame, bamvua yenyewe. Bahari ilikuwa imetoka kweli kweli, mawe ya pembeni yako nje na mwani wake, na feri imekaa chini, mlango wake umelala kwenye zege kama mtu aliyeteguka shingo.

Kanze akavuta breki ya mkono, akazima injini, akashuka.

"Dada, wapanda hupandi?" mfanyakazi wa gatini alimwuliza. Alilitazama gari, akauinamia mdomo wake, kisha akamtazama Kanze. Akatikisa kichwa tu.

"Sipandi," Kanze alisema.

Honi zikaanza nyuma. Bwana Jamaludin akaja mbio, jasho latiririka. "Kanze, usinitie aibu mbele za watu. Ingia!"

"Tazama maji, Bwana."

"Nimesema ingia!"

"Nami nimesema tazama maji. Aibu yako iko pale chini, si kwangu."

"Basi umefutwa! Leo, sasa hivi! Mussab, ndoo hapa ulichukue gari!"

Mussab alishuka kwenye pikapu, akauangalia mteremko, akautazama mdomo wa gari, akashika kiuno. "Wallahi Bwana, mgongo wangu tangu jana..."

"Gedion!"

Gedion aliivua kofia ya kampuni akaikunja mfukoni. "Boss, mi nilisifu ya barabara. Ya bahari sikusema kitu."

Kanze akanyoosha mkono wenye ufunguo. "Haya, mwenyewe. Mimi siwapi hawa. Likikwaruzika, utawakata mshahara, watoto wao wakose kula. Lichukue wewe."

Bwana Jamaludin aliupokonya ufunguo. Watu wa miguu walikuwa wamesimama kutazama, na mpiga picha, masikini, hakuna aliyemwambia aache. Mzee aliingia, akawasha, akateremka taratibu mpaka mtu angedhani litapita. Mdomo ukafika pale mteremko unapokutana na mlango wa feri. Kwaruuu! Sauti ile ilimkuna kila mtu meno. Akaogopa, akarudi nyuma kwa pupa, na mdomo wa plastiki ukabanduka, nusu umelala chini, nusu umening'inia. Akajaribu mbele tena. Sasa tumbo likakalia ukingo, tairi moja la nyuma likapaa hewani, na gari likakataa katakata, mbele haliendi, nyuma halirudi. Feri nzima ikasimama, na honi za ng'ambo zikajibu za huku.

Cheryl alikuja akasimama kando ya Kanze. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Hiyo ndiyo kupwa?"

"Hiyo ndiyo."

"Mbona yeye hakuniambia?"

"Muulize yeye."

Bwana Jamaludin alitoka kwa taabu, kanzu imeshika mlangoni. Alilitazama gari la damu ya mzee likiwa limelala kifudifudi, akatazama foleni, akamtazama mwanamke aliyekuwa amekwisha geuka kuelekea wanakopitia watu wa miguu. Katika madereva wote wa yadi hakuna mwenye mkono wa kulitoa gari pale bila kulimaliza, isipokuwa yule. Hilo nalo alilijua.

"Kanze! Kanze, ndoo ulitoe!"

"Nimefutwa, Bwana."

"Nimekurudisha! Haya, nimekurudisha mbele ya watu wote. Ndoo!"

Kanze akasimama. Kazi ilikuwa imerudi mkononi, angeipokea tu, na angeshukuriwa kwa unyenyekevu wake. Akarudi hatua tatu mpaka mbele ya kamera, akamshika Cheryl bega akamsogeza karibu.

"Sitalitoa," alisema, "mpaka umwambie huyu binti niliandika nini. Kwa mdomo wako wewe. Kwa Kiswahili cha kwenu."

Bwana Jamaludin alitazama huku na huku. Hapakuwa na mlango wa kutokea. Akalifuta paji la uso kwa ncha ya kilemba, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Alisema maji yakiwa ya kupwa, gari hili halivuki. Naye alisema kweli. Nami nalijua, nikanyamaza."

Kanze alikuwa amekwisha kuupokea ule ufunguo mkononi mwake. Lakini hakuingia garini.

"Kwa sauti, Bwana Jamaludin," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."