Chifu na Mgeni Katika Chungu Kimoja

Jua la asubuhi limeshaanza kuchoma mabati ya Lodwar, na Chepkirui amepiga magoti mbele ya sanduku la kioo. Ndani haonekani nyoka yeyote, ni mchanga tu na chungu cha udongo kilichofunikwa gunia bichi. Anangoja mchanga usogee.

"Toka basi, Mgeni," anasema. "Jana nilikuwekea panya. Umekula ama hukukula?"

Mgeni ni chatu wa mchangani, nyoka mfupi mnene asiye na sumu, ambaye hujizika na kuacha macho tu nje. Asipokula leo, Chepkirui hajui atafanya nini tena. Nyoka huyo amekonda hadi ngozi inalegea.

Chepkirui alitoka Bomet kumfuata mumewe, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki hapa mjini. Duka lilikufa, mume akaenda Lokichoggio kutafuta riziki, na huko akanyamaza kabisa. Mama huyo wa watoto watatu akapata kazi ya kufagia katika nyumba ndogo ya nyoka ya Bwana Wainaina, wanakoletwa wanafunzi kujifunza. Mtunza nyoka alipoacha kazi, ufunguo ukaangukia mikononi mwake.

"Mzee Wainaina aliniuliza kama naogopa nyoka," anakumbuka. "Nikamwambia naogopa njaa zaidi."

Nyoka hawakumsumbua. Aliyemchanganya kichwa ni huyu mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Alilelewa ndani ya ndoo na Didace, mkimbizi Mkongomani anayeoka mikate kambini, ambaye alimkuta amejilaza kati ya magunia ya unga. Majirani walipoanza kuokota mawe, Didace alimpigia Wainaina, mwenye kibali cha kufuga nyoka. Alimkabidhi kwa sharti moja.

"Musimuache yeye moja, mama," alimwambia Chepkirui. "Kukaa yeye moja ni kitu mubaya sana."

Chepkirui aliahidi bila kufikiri mara mbili. Nyumbani alikokulia, mgeni halazwi peke yake. Hupewa mtoto wa kulala naye, asije akajiona ametupwa. Kwa hiyo akamtia Mgeni katika sanduku la Chifu, jike kubwa la aina hiyo hiyo lililozoea kutawala humo.

Kesho yake aliwakuta wamejiviringisha pamoja ndani ya chungu. Akawapiga picha, akamtumia Didace. Mwoka mikate huyo alifurahi, akawaonyesha hata wateja.

Kisha Mgeni akaacha kula. Chepkirui aliona ni kukumbuka nyumbani, akamwomba Didace kipande cha gunia lenye harufu ya unga. Kilipofika, Mgeni aliingia chini yake na kubaki humo kutwa nzima. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nyoka utampa jembe gani?

Akaomba ushauri, na ushauri ukamzidishia giza. Wainaina alisoma kwenye simu kwamba nyoka hawa wanaweza kukaa pamoja. Akasoma tena, akaambiwa wasikae hata kidogo. Odongo, daktari wa mifugo, alikuwa mkweli.

"Mimi najua mbuzi," alisema. "Mbuzi ukimtenga, analia. Lakini pia fahali wawili hawakai zizi moja."

"Hawa si fahali, daktari. Mmoja ni mama," Chepkirui alimjibu.

"Basi hata mimi sijui."

Jibu lilikuja wakati wa kulisha. Mgeni, baada ya kususa siku zote hizo, alimshika panya kwa mkia. Chifu akamshika panya huyo huyo kwa kichwa. Hakuna aliyeachia. Chifu alimeza panya mpaka mwisho, akafika kwenye mdomo wa Mgeni na kuendelea kumeza. Kichwa cha mwenzake kilikuwa kinaingia, na Chepkirui anakiri kwamba alilia. Aliwatumbukiza wote ndani ya karai la maji hadi Chifu akalegeza taya.

Tangu hapo Mgeni ana sanduku lake na chungu chake. Ungedhani mambo yameisha. Lakini Chifu anazunguka sanduku lake akisugua pua kwenye kioo, na Chepkirui anashindwa kumwelewa.

"Anamtafuta mwenzake, ama anafurahia nafasi?" anauliza. "Na mimi niliweka chungu kimoja tu, na hili joto letu. Pahali pa baridi palikuwa hapo peke yake. Nilisema wanakumbatiana. Labda walikuwa wananyang'anyana baridi, na mimi napiga picha."

Amewatenganisha kwa sababu ya ile siku ya panya, wala si kwa kuwa ameelewa. Sasa anamsihi Wainaina anunue mbao, kila nyoka apate sanduku na chungu chake. Anaota siku moja atawaeleza wanafunzi jambo hili bila kugugumia.

Mchanga unasogea. Mgeni anatokeza polepole, na katikati ya mwili wake pana uvimbe wa duara. Chepkirui anakaa chini kwenye sakafu, anacheka, kisha anapiga simu Kakuma.

"Amekula, Didace."

"Asante Yesu. Sasa iko na nani mule ndani?"

Chepkirui anamtazama Mgeni. "Hana mtu. Nilikuahidi, najua, lakini nimemtenga. Yuko peke yake."

Upande wa pili zinasikika sufuria, watoto, na mtu anayemkemea mwingine asogee.

"Chumba muzima, yeye moja?" Didace anauliza.

"Chumba kizima."

"Sisi tuko saba mu chumba moja, mama," anasema, na sauti yake si ya kulalamika. "Acha akae. Siku ingine nitakuja niangalie vile anakaa."

Chepkirui analowesha gunia la chungu cha Mgeni, anatoka, na kufunga mlango taratibu.