Vidole vya Muuza Chambo

Muuza chambo wa Namuwongo, kule karibu na reli, hagusi jembe. Kila Jumamosi asubuhi Obonyo anapopita kununua nyungunyungu wekundu kabla ya kwenda kuvua samaki ziwani, Ggaba, humkuta mzee huyo amechuchumaa mbele ya rundo lake la samadi, akivunjavunja mabonge kwa vidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Wale wadogo huwarudisha na kuwafunika kwa gunia lililolowa. Obonyo siku zote ana haraka.

"Mzee, si uchukue jembe? Jua limeshapanda."

"Jembe halina macho," mzee hujibu bila kuinua kichwa. "Litawakata."

Wiki iliyopita mzee alifiwa na mkewe. Makaburini, maiti ilipokwisha kulazwa na kufunikwa mbao, wanaume, Obonyo akiwa miongoni mwao, walishika majembe wakaanza kufukia. Mabonge ya udongo yakagonga mbao kwa kishindo. Mzee akainua mkono, wote wakasimama. Akapiga magoti ukingoni, akaokota bonge, akalivunjavunja mpaka likawa laini, akauachia udongo ushuke polepole. Akaokota jingine. Jua lilikuwa limeshapanda. Imamu akatazama saa yake. Obonyo akalaza jembe chini, akapiga magoti kando ya mzee, akaokota bonge.