Nilikufa Bangoni, Kaka Yangu Akaacha Sigara

Jina langu silitaji. Sura yangu sina la kuifanya, maana wengine wenu mmeshaiona ukutani, mkaambiwa ni ya mtu anayekufa kwa sigara.

Nilikosa. Nilikosa mara mbili, kwanza kwa kunyamaza, kisha kwa kusema, na hilo la pili ndilo lisilonipa usingizi. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui, na kama mnanijua, mnadhani nimeshazikwa.

Mimi ni mtu wa milima ya Upare, upande wa Same, kule juu kunakolimwa tangawizi. Nilimaliza kidato cha nne nikashuka, na tangu hapo sikutulia. Nimechimba Mererani, nimeuza samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, nimelinda maghala Tunduma. Kila nilipokaa nilikumbuka nyumbani: ukungu wa asubuhi, makande ya mama, sauti ya kaka yangu akifukuza ngedere shambani, sauti iliyovuka bonde ikarudi. Kumbukumbu zikizidi, nilihama mji. Kurudi sikurudi. Simu nilipiga kwa nadra, na laini nilizipoteza moja baada ya nyingine.

Kaka yangu nitamwita Elia, ingawa silo jina lake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Kwetu tunasali Jumamosi, na sigara ni jambo la kufichwa. Kaka Elia alivutia nyuma ya banda la tangawizi, na kijiji kizima kilijua kwamba banda lile linafuka moshi ingawa halina jiko.

Nilipokuwa mdogo, tukilinda mahindi, yeye ndiye aliyenivutisha mara ya kwanza. Nilikohoa mpaka nikatapika. Akacheka, akanipigapiga mgongoni. "Polepole, mdogo wangu. Utazoea."

Nilizoea. Halafu nikaacha, hukohuko Mererani, kwa kuwa vumbi la machimbo lilinitosha. Kaka hakujua kwamba niliacha. Sikumwambia. Na hilo nalo.

Basi, nilikuwa Arusha, napanga viti katika ukumbi wa mikutano. Wakaja wageni wa nchi mbalimbali kuzungumzia tumbaku. Nilikuwa napita na chupa za maji, kwa hiyo niliyasikia mengi. Kuna mkataba wa mataifa wa kudhibiti tumbaku, nchi yetu imo, na wao walitafuta namna ya kuufanya usibaki kwenye makaratasi: matangazo ya sigara yaondoke, watu wasivute penye watu, pakiti ziwe na picha za madhara. Walibishana kutwa. Wakati wa chai wawili wao walitoka nje kuvuta. Niliwapelekea viti.

Miongoni mwao alikuwepo daktari, mama wa Kitanzania, mtu mzima, mpole wa sauti. Alisema shida yake ilikuwa picha. Alizipeleka sokoni kuzijaribu, watu wakazitazama, wakamjibu, "Huyu ni mzungu, mama. Anaumwa mambo ya kwao."

Ikatakiwa sura ya kwetu. Mgonjwa wa kweli hawakutaka kumwanika. Mimi nilikuwa nimetoka kuugua taifodi, shati linanining'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Yule daktari alinitazama nikibeba viti, kisha akanifuata.

"Samahani, kaka. Umewahi kuigiza?"

"Nimewahi kumwambia mwenye nyumba wangu kwamba nitalipa kesho."

Hakucheka. "Nahitaji mtu wa kulala kitandani aonekane mgonjwa mahututi."

"Hiyo naiweza. Wiki iliyopita niliifanya bure."

Wakanilaza, wakanipaka unga wa kijivu usoni, wakanibandika mpira wa kupumulia shingoni kwa gundi. Mpiga picha akaniambia nitazame kama mtu anayeagana na mtoto wake. Mtoto sina. Nikamfikiria kaka Elia. Picha ikatoka vizuri mno. Chini yake waliandika kwa herufi ndogo kwamba ni ya kuigiza, na herufi zile nadhani nimezisoma mimi peke yangu.

Kabla sijaondoka, daktari alinishika mkono.

"Una ndugu watakaoiona?"

"Nina mama na kaka, Upare."

"Wapigie kabla haijatoka. Usije ukawaua kwa mshtuko. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari. Nawapigia leo."

Sikupiga. Siku ile nilikuwa na safari ya Babati. Kesho yake nilisahau. Keshokutwa nikaona aibu kwamba nimesahau, na aibu hiyo ikanitosha miezi.

Bango likatangulia kufika kwetu. Yaliyofuata nilisimuliwa na shemeji, mke wa kaka. Kaka alimpeleka mama zahanati kupima presha. Mama ana mtoto wa jicho. Alikaa chini ya bango lile akasifu rangi ya ukuta. Kaka alisimama akinitazama mpaka zamu yao ikapita.

Waliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya banda. Shemeji akadhani anakwenda kuvuta kama kawaida. Akamkuta amechuchumaa, anaikandamiza pakiti ya sigara ndani ya ndoo ya maji kama mtu anayezamisha paka.

"Nimemuua mtoto wa mama," alisema.

"Mtoto yupi?"

"Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyempa."

Alinitafuta kwenye namba zangu zote. Zote zilikuwa zimekufa kabla yangu. Alishuka mpaka stendi ya Same kuwauliza vijana wa kwetu, wakamwambia nilisikika Babati, basi. Na hakuvuta tena. Alitetemeka, alitukana mbuzi, alitafuna tangawizi mbichi mpaka midomo ikababuka, lakini hakuvuta.

Jumamosi moja akasimama kanisani. Huyu ni mtu ambaye hata kuimba huimbia nyuma ya wenzake. Akasema mbele ya wote kwamba alimfundisha mdogo wake sigara, na sasa mdogo wake anakufa ugenini. Hapo ndipo mama alipojua. Watu wakalia. Wakafunga kula, wakaniombea.

Ndugu zangu, watu walikuwa wananililia, nami niko Babati nauza vitunguu na mwili unarudi.

Nilirudi kwa hamu tu. Mvua za vuli zilianza, nikasikia harufu ya udongo, na safari hii badala ya kuhama mji nikapanda basi la Same, kisha gari la milimani. Niliposhuka nilikutana na bibi mmoja njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alitua mzigo, akanigusa shavu kwa kidole, akaubeba tena mzigo wake, akarudi alikotoka kwa mwendo ambao sikudhani wazee wanao.

Kwa hiyo nilipofika nyumbani, ua ulikuwa umeshajaa. Kaka Elia alinikumbatia akakataa kuniachia. Alinukia sabuni. Nikaona kama amebadilika mtu, maana harufu ya moshi ndiyo niliyokuwa naikumbuka kote nilikozunguka.

"Umepona?" aliniuliza sikioni.

Hapo ndipo pa kosa langu. Ningesema, "Tuingie ndani, kaka." Ningemwambia pembeni, wawili tu, tukacheka au tukapigana, yakaisha. Lakini ua umejaa watu, wote wananitazama mimi, na mtu aliyeishi kwa kupanga viti vya wenzake hatazamwi mara nyingi. Nikaangua kicheko.

"Nipone nini, kaka? Ile picha ni maigizo."

Nikawaonyesha. Nikalala kwenye benchi, nikalegeza shingo, nikatoa macho. Wengine walicheka wakashikilia nguzo za nyumba.

"Turudishie mfungo wetu," alisema jirani mmoja, mzee wa kanisa. "Nilikosa makande kutwa nzima kwa ajili yako, kumbe unanenepa."

"Na ule ushuhuda wako, ndugu Elia," akadakia mwingine, "nao ulikuwa maigizo? Maana ulilia vizuri."

Wakacheka upya. Kaka naye akacheka, wa mwisho.

"Na mpira wa shingoni?" akaniuliza.

"Gundi."

"Daktari alijua huumwi?"

"Alijua."

"Na namba yangu ulikuwa nayo?"

"Ninayo."

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelezwa njia. Akavuka barabara mpaka dukani, akanunua sigara moja, akaiwasha palepale mbele ya wazee wa kanisa. Tangu siku ile hakwenda tena nyuma ya banda.

Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi. Kaka hakunishtaki. Alinifanya kielelezo. Mtu akimshauri aache sigara, mimi naitwa. "Mdogo wangu, hebu njoo. Huyu ndiye aliyekufa. Mshike shavu." Nilikuwa nakwenda. Niliona haya kukataa.

Kisha yule daktari akaja kijijini kwetu na wageni wawili wa ule mkataba. Waliomba kijiji kiweke sheria ndogo: maduka ya karibu na shule yasiuze sigara, na gulioni watu wasivute. Akina mama walikuwa wanaunga mkono, mwenyekiti anaelekea kuhesabu mikono. Kaka akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, hawa wanatutisha kwa maigizo. Kielelezo ninacho. Simama, mdogo wangu."

Nikasimama. Mkutano mzima ukaangua kicheko. Wageni waliuliza watu wanacheka nini, hakuna aliyewatafsiria. Mwenyekiti akasema jambo liahirishwe, na kwetu jambo likiahirishwa huwa limekwisha.

Daktari alinipitia karibu akielekea garini.

"Uliwapigia simu?"

"Hapana, daktari."

"Haya," alisema. Akaingia garini. Jioni ile bango la zahanati likabanduliwa.

Baadaye sauti ya kaka ikaanza kukwaruza. Akasema ni mafua. Nikamwambia twende hospitali. "Kuigiza?" akaniuliza. Kila nilipomwambia, jibu lilikuwa neno hilohilo. Tangawizi ikavunwa, ikapandwa nyingine, nayo ikavunwa, ndipo alipokubali kushuka, wakati ambapo ni uji tu uliokuwa unapita. Same wakatuandikia twende Moshi. Moshi wakasema ni saratani ya koo. Wakamtoboa shingo, wakamwekea mpira.

Safari hii gundi haikuhusika.

Siku moja ya kliniki tulikaa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, na ukutani mbele yetu lilikuwepo lile bango. Mimi sifanani nalo tena, nimejaa mashavu. Lakini kaka na mimi tulizaliwa tunafanana, na sasa amekonda. Mwanamume mmoja aliyekaa karibu akatazama ukutani, akamtazama kaka, akarudi ukutani.

"Samahani, mzee. Yule ni wewe?"

Nikafumbua mdomo nimweleze. Kaka akaniwekea mkono gotini, akanibana. Kisha akaziba mpira kwa kidole, maana bila hivyo sauti haitoki.

"Ni mimi."

"Kumbe ni kweli?"

"Ni kweli."

Yule bwana akajipapasa kifuani. Akatoa pakiti ya sigara mfuko wa shati, akaitazama, akaihamishia mfuko wa suruali, akavuta shati juu yake kuificha.

Kaka akaniachia goti. "Umeona?" alisema kwa pumzi. "Wewe ulikuwa unasema sana."

Nilichelewa, lakini nilijifunza kutojibu.

Siku hizi nimetulia nyumbani. Kutanga nimeacha. Ngedere nawafukuza mimi, na kaka hukaa kwenye kigoda kando ya shamba akinionyesha kwa fimbo walipojificha. Ile sauti iliyokuwa inavuka bonde, niliyoikumbuka katika kila mji niliopita, nimeirudia nikaikuta haivuki hata tuta moja la tangawizi.

Nanyi mnaosoma, chukueni lenu hapa. Ukikuta ndugu yako ameacha kinachomuua, usimfanyie mzaha mbele ya watu juu ya kilichomfanya aache, hata kama kilikuwa picha ya unga na gundi. Na kama uko mbali na ulimwahidi mtu kwamba utapiga simu nyumbani leo, weka hili chini upige. Keshokutwa utaona aibu, na aibu hainunui koo la mtu.